Jumamosi mbili za Lindi na asilimia 30 ya TRA

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni daktari bingwa katika hospitali ya umma hapa Mtwara mjini. Mshahara wangu ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi, na mkopo wa chuo bado naulipa. Nimepata mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, napandishwa daraja na mshahara utafika 2,300,000. Pili, kliniki moja binafsi ya Lindi inanitaka Jumamosi mbili kila mwezi kwa ajira ya muda, 400,000 kwa siku; mafuta na chakula cha njiani hunitoka kama 80,000 kila nikienda. Tatu, hospitali yetu inaanzisha kliniki ya kulipia baada ya saa za kazi, na wanasema nikizitoa Jumamosi hizohizo mbili nitapata posho ya 350,000 kwa mwezi. Baba watoto anasema yote hayo ni kuwafanyia kazi watoza kodi wa TRA. Nikipanda tu, asilimia 30 inameza, kwa hiyo afadhali nibaki na nilichonacho, Jumamosi nikaangalie mikorosho aliyotuachia mama kule Newala. Nikitazama salari slipu naona kama kasema kweli, maana kinachofika mkononi ni 1,142,000 tu. Je, kwa mtu wa kipato changu, kuna maana gani kujituma zaidi?"

Marahaba, daktari. Daraja lipokee bila kusita. Jumamosi ndizo zenye hesabu ngumu, na huko mumeo ameona kitu cha kweli, ila sababu aliyoitoa siyo. Nitakwenda taratibu, kwa sababu swali lako si lako peke yako. Kila mwaka naulizwa vilevile na wahandisi wa gesi wa Madimba, na wahadhiri, na maofisa wa benki, na wengi wao wameshafanya uamuzi kabla ya kupiga hesabu.

Chukua slipu yako. Katika zile milioni 2, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, yaani 100,000, na hiyo hutolewa kabla kodi haijahesabiwa. Kinachobaki kutozwa ni 1,900,000. Sasa panda ngazi pamoja nami. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi kabisa. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, unatoa 20,000. Mpaka 760,000 ni asilimia 20, unatoa 48,000. Mpaka 1,000,000 ni asilimia 25, unatoa 60,000. Kuanzia milioni moja ndipo asilimia 30 inapoingia, nayo inagusa zile 900,000 za juu peke yake: 270,000. Jumla ni 398,000. Ukiilinganisha na mshahara wako mzima, haifiki hata asilimia 20.

Hapo ndipo maneno ya baba watoto yanapoanguka. Hakuna mtu anayeingia kwenye asilimia 30 na mshahara wake wote. Wewe uko humo tayari, tena zamani, na shilingi zako za chini bado zinalipa 0 na 8 kama za mhudumu wa wodi. Hakuna nyongeza ya mshahara nchini Tanzania, kwa kodi hii ya mshahara iitwayo PAYE, inayoweza kumfanya mtu aende nyumbani na pungufu ya alichokuwa nacho. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakiandika barua za kukataa cheo kwa kuamini kinyume chake, na nikiwaza miaka ya pensheni waliyojinyima, moyo unaniuma.

Mbona basi mkononi unapata 1,142,000? Endelea kushuka na slipu. Bima ya afya asilimia 3, ni 60,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara, ni 300,000. Ukijumlisha na PSSSF na PAYE, makato yote ni 858,000, karibu asilimia 43. Chini ya nusu yake tu ndiyo kodi. Ile 100,000 ya PSSSF ni akiba yako, na mwajiri anaiongezea asilimia 15 ambazo huzioni kwenye slipu. Ile 300,000 ni deni ulilokula ukiwa mwanafunzi. Tangu Serikali ifute ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021, kila unachokatwa kinapunguza deni lenyewe badala ya kukimbizana na nyongeza. Siku deni litakapokwisha, 300,000 itarudi kwako bila mtu yeyote kukupandisha mshahara. Kuiita hiyo kodi ni kuionea kodi, na ni kujidanganya wewe mwenyewe juu ya kipato chako.

Sasa daraja. Nyongeza ni 300,000. PSSSF 15,000. Kodi ni asilimia 30 ya 285,000 zinazobaki, yaani 85,500. Bima 9,000. Mkopo 45,000. Zinakufikia 145,500. Najua zinavyoonekana: umeahidiwa laki tatu, umepewa laki moja na nusu kasoro. Lakini kodi hapo ni 85,500 tu, na mkopo ukiisha nyongeza hiyohiyo itakuwa 190,500. Juu yake, pensheni yako huhesabiwa kutokana na mshahara, wala haihesabiwi kutokana na posho. Daraja ulilokataa ukiwa na miaka 40 litakufuata ukiwa na miaka 70. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Jumamosi ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo kodi inapofanya kazi yake ya kweli juu ya maamuzi ya watu wenye kipato kama chako.

Mtu anapopima kama aongeze kazi, wastani wa kodi aliyolipa haumsaidii kitu. Anaangalia shilingi inayofuata: ikiingia, ni kiasi gani kitabaki? Ndiyo maana wachumi hung'ang'ania kiwango cha shilingi ya mwisho na si cha mshahara mzima. Kwa mtu wa 500,000, shilingi ya mwisho inakatwa senti 8. Kwako inakatwa 30. Kliniki ya Lindi inakupa 800,000 kwa mwezi. Kwa kuwa ni ajira ya pili, sheria inamtaka mwajiri wa pili akate asilimia 30 moja kwa moja, bila kuanzia kwenye ngazi ya sifuri, kwa sababu ngazi zako za chini umeshazitumia kwa mwajiri wa kwanza. Ni 240,000. Unabaki na 560,000.

Lakini hujamaliza. Safari mbili ni 160,000. Mfanyakazi wa kuajiriwa haruhusiwi kutoa gharama kama hizo kabla ya kodi. TRA wanatoza 800,000 nzima kana kwamba Lindi iko nyuma ya soko la Mtwara. Kwa hiyo faida yako halisi kabla ya kodi ilikuwa 640,000, na kodi ni 240,000. Gawanya: ni asilimia 37.5. Hicho ndicho kiwango chako cha kweli cha Jumamosi ya Lindi, na hukioni kwenye jedwali lolote la TRA. Wewe mwenyewe umekitengeneza kwa kuongeza barabara juu ya sheria.

Tuiweke kwa saa. Kliniki, tuseme, huchukua saa 6. Barabara ya kwenda na kurudi, Mikindani, Mnazi Mmoja, hadi Lindi, ni zaidi ya kilomita 200. Sema saa 4. Saa 10 kwa siku, 20 kwa mwezi. Bila kodi ungepata 640,000 kwa saa 20, ambayo ni 32,000 kwa saa. Kwa kodi ni 400,000 kwa saa 20, yaani 20,000 kwa saa.

Leta sasa ile kliniki ya hospitalini kwako: 350,000 kwa saa 12, bila safari. Kuna jambo ambalo madaktari wengi hawalijui. Sheria ya Kodi ya Mapato imeyaondoa kwenye kodi malipo fulani ya watumishi wa Serikali na taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku yake: posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada, ya saa za ziada, ya mazingira magumu, na honoraria, yaani malipo ya shukrani. Nayo imewataja waziwazi wanaotoa huduma za kulipia kwa wagonjwa ndani ya hospitali ya umma. Hizo 350,000, zikilipwa kwa sura hiyo, zinakufikia zote. Mwulize mhasibu wenu zitaingia kwa jina gani kabla hujasaini. Ni karibu 29,000 kwa saa.

Ziweke kando kwa kando. Pasipo kodi, Lindi inashinda: 32,000 dhidi ya 29,000. Kodi ikiingia, Mtwara inashinda kwa mbali: 29,000 dhidi ya 20,000. Daktari ni yuleyule, mikono ni ileile, Jumamosi ni zilezile. Umeamua kubaki Mtwara, na kilichokuamulia ni kodi. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani kodi ikiwa kubwa wenye kipato wataacha kazi na kwenda kulala. Kwa kawaida hawalali. Wanahama kutoka kazi inayotozwa sana kwenda kazi inayotozwa kidogo. Kinachopotea ni mgonjwa wa Lindi ambaye sasa atapanda basi kuja Mtwara, na gharama yake haiandikwi kwenye hesabu za mapato ya Serikali.

Usinielewe kwamba msamaha ule ni mbaya. Ulikusudiwa kuwabakiza mabingwa kwenye hospitali za umma, na kwa mikoa yetu hilo ni jambo kubwa. Waliokuwa hapa kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa 2003, wanajua ilivyokuwa mvua ikinyesha na mgonjwa hawezi kupelekwa Muhimbili. Ninachosema ni kwamba kila msamaha una upande wake wa pili, na upande huo una watu.

Haya si ya kwetu peke yetu. Wanaosoma kodi wamegundua kitu hikihiki mara nyingi. Marekani, baada ya uchaguzi wa 1992, ilieleweka kwamba kiwango cha juu kingepanda. Kweli mwaka 1993 kilitoka 31 hadi 39.6. Mchumi Austan Goolsbee aliyafuatilia mapato ya wakuu wa makampuni na kukuta kwamba wengi waliwahi kuchukua malipo yao ya hisa kabla kodi haijapanda. Ukiangalia mwaka ule tu ungedhani matajiri wameacha kufanya kazi. Ukiangalia miaka iliyofuata, mwitikio ulikuwa mdogo sana. Walihamisha tarehe, kazi wakaiacha palepale. Uingereza ilipoweka asilimia 50 kwa waliozidi pauni 150,000 kuanzia Aprili 2010, ilikuwa vilevile: mabilioni ya pauni yakavutwa mbele yakaingia kwenye mwaka uliotangulia. Ile asilimia 50 ikashushwa hadi 45 mwaka 2013.

Walipoupima mwitikio huo kwa ujumla, wachumi Saez, Slemrod na Giertz, katika mapitio yao ya 2012, waliuweka kati ya 0.12 na 0.40. Kwa lugha ya sokoni: ile sehemu ya shilingi unayobaki nayo ikiongezeka kwa asilimia 10, kwa mfano kutoka senti 70 hadi 77, mapato ambayo watu wanayatangaza kwa mamlaka ya kodi huongezeka kwa kati ya asilimia 1.2 na 4. Si sifuri, wala si mafuriko. Na sehemu kubwa ya hicho kidogo hutoka kwenye kubadili sura ya malipo na wakati wake, hasa kwa wenye uwezo wa kuajiri mhasibu.

Kwa nini mwitikio ni mdogo? Kwa sababu kodi humvuta mtu pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja inamwambia: Jumamosi yako sasa inalipa kidogo, kaa nyumbani. Upande wa pili inamwambia: ada ya watoto haijapungua, na mkononi umebaki na kidogo, kwa hiyo ongeza Jumamosi. Mwenye watoto watatu bweni husikia sauti ya pili. Aliyekwishajenga na watoto wamemaliza husikia ya kwanza. Na wapo wanaosikia ya kwanza kwa nguvu zaidi ya wote, nao ni wenye kitu kingine cha kufanya na saa hiyo. Ndiyo maana kwenye tafiti nyingi mke ambaye mshahara wake ni wa pili nyumbani huitikia kodi kuliko mume: kila saa yake ina mtu anayeidai. Wewe, daktari, una mikorosho. Mumeo hakuitaja bure.

Lakini kuna mfano mmoja ambao nataka uukumbuke, kwa sababu ni wa watu wa kazi yako. Uingereza mwaka 2016 iliweka sheria iliyopunguza kidogokidogo kiasi cha akiba ya pensheni kisichotozwa kodi kwa wenye kipato kikubwa. Madaktari bingwa wa hospitali za umma wakajikuta kwamba zamu moja ya ziada inaweza kuwavusha mstari na kuwaletea ankara ya kodi kubwa kuliko malipo ya zamu yenyewe. Hapo hawakuhama wala kubadili tarehe. Walikataa zamu, na foleni za wagonjwa zikarefuka. Mwaka 2020 Serikali ilisogeza mpaka wa kipato hicho kutoka pauni 110,000 hadi 200,000. Soma tofauti iliyopo. Kiwango cha 45 hakikuwatoa wodini. Kilichowatoa ni kuta za ghafla, mahali ambapo shilingi moja ya ziada inakugharimu zaidi ya shilingi moja. Mswidi mmoja mwandishi wa vitabu vya watoto alionyesha mwaka 1976 kwamba kodi yake imefika asilimia 102, na taifa zima likashtuka. Watu huzivumilia ngazi kali kwa muda mrefu, lakini ukuta wa namna hiyo huwarudisha nyuma siku hiyohiyo.

PAYE yetu haina ukuta wa namna hiyo, na nchi yetu imepitia makali makubwa kuliko haya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kiongozi hakuruhusiwa kupokea mishahara miwili, na viwango vya juu vya kodi vilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiki cha leo. Mwaka 1977 udaktari binafsi wa kutafuta faida ulipigwa marufuku, ukarudishwa 1991. Watumishi wa enzi zile walifanya nini? Walifuga kuku. Walifuga ng'ombe wa maziwa mjini, wakalima mchicha, wakaoka mikate, na hayo yote tukayaita miradi. Bei zilikuwa zimekula mishahara kuliko kodi ilivyokula, na hilo lazima lisemwe. Lakini nguvu ya wasomi ilihamia uani kwa sababu uani hapakuwa na makato. TRA yenyewe ilianza kazi Julai 1996, chini ya Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso kwetu Masasi, na viwango vya juu hatimaye vikatua kwenye hii 30 tuliyoizoea.

Ukilinganisha na majirani, 30 si kubwa. Kenya wana 35 na Uganda 40. Lakini angalia zinaanzia wapi. Uganda 40 inaanza mtu anapopita shilingi milioni 10 za kwao kwa mwezi. Kenya 35 inaanza anapopita shilingi 800,000 za Kenya, ingawa 30 yao huanza mapema kuliko yetu. Kwetu ngazi ya juu kabisa inaanza kwenye milioni moja ya Kitanzania, na mipaka hiyo imesimama pale tangu Julai 2020. Mwaka 2021 ilishushwa ngazi ya chini tu, kutoka 9 hadi 8. Bei za vitu hazikusimama, na mishahara imekuwa ikiongezwa, kwa hiyo kila mwaka watu zaidi wanavuka milioni moja bila kuwa matajiri kwa namna yoyote. Ngazi iliyoitwa ya wakubwa sasa imejaa mabingwa wa hospitali, walimu wakuu wenye daraja la juu na mafundi mitambo wa viwandani. Mimi naona hilo ndilo kosa letu hasa. Mwenye nyumba kumi za kupangisha Shangani anakatwa 10 kwenye pango, mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam anakatwa 5 kwenye gawio, na daktari aliyesimama chumba cha upasuaji usiku kucha anakatwa 30. Mwenye mali huchagua mapato yake yaje kwa sura ipi; mwenye mshahara hachagui. Mipaka ile ingesogezwa walau kufuata bei, bila kugusa kiwango chenyewe, ningeridhika.

Na kuna anayeumizwa kuliko wewe. Muuguzi wa 600,000 akipata ajira ya pili ya wikiendi, anakatwa 30 kwenye malipo hayo, ilhali ngazi yake kwa mwajiri wa kwanza ni ya 20. Kwako 30 ya kazi ya pili ni haki, kwa sababu hata ingewekwa juu ya mshahara wako ingeangukia ngazi hiyohiyo. Kwake ni kupandishwa ngazi asiyostahili. Anapoamua kwamba bora apike vitumbua, namwelewa.

Huenda pia unajiuliza kama uwaombe Lindi wakulipe kwa mkataba wa huduma badala ya ajira. Najua utaambiwa kwamba huko wanakata 5 tu. Ni kweli wanakata 5, lakini hiyo si kodi yote. Ni malipo ya awali. Mwisho wa mwaka utawasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yako, na kulipa kilichobaki kwa ngazi yako, yaani 30 ya faida. Utatakiwa kukadiria kodi na kuilipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kuweka kumbukumbu za kila risiti. Unachopata ni haki ya kutoa gharama za shughuli, kama vifaa vya kazi. Mafuta ya kutoka nyumbani kwenda kazini usiyajengee hesabu. Kwa 800,000 kwa mwezi, sioni kama inalipa usumbufu wake. Wengi walioifuata ile 5 nimewapokea ofisini miaka mitatu baadaye wakiwa na deni, adhabu na riba.

Mikorosho sasa. Korosho ina kipindi chake: kupalilia, kupuliza salfa kuanzia katikati ya mwaka, kuokota kuanzia Septemba au Oktoba, kisha minada. Haidai Jumamosi mbili za kila mwezi mwaka mzima. Inadai wiki chache kwa ukali na miezi mingine kwa mbali, na kazi yake kubwa anaweza kuifanya mtu wa Newala ukamlipa vizuri kwa ujira anaoujua. Wewe ni bingwa. Saa yako ya kupuliza salfa haizidi ya kijana wa jirani, lakini saa yako ya kliniki hakuna wa kuiziba. Halafu msidhani shamba halina makato. Ushuru wa halmashauri kwenye mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei. Kisheria hulipa mnunuzi, lakini kila mkulima anajua unavyoonekana kwenye bei ya mnada. Na huo hukatwa kwenye mauzo, uwe umepata faida au salfa imekumaliza. PAYE, pamoja na ukali wake, haijawahi kumkata mtu ambaye hakupata kitu. Shamba litunzeni kwa sababu ni la mama. Msilitunze kwa kuikimbia kodi.

Kwa hiyo, kama ningekuwa wewe, ningepokea daraja wiki hii. Kliniki ya hospitalini ningeikubali kama nilivyoonyesha. Lakini Lindi nisingeifunga bado. Kilichoiangusha Lindi ni kodi ikiungana na barabara, kwa sababu kodi haiitambui barabara. Waombe zile Jumamosi mbili ziwe Jumamosi na Jumapili ya wiki moja, kwa safari moja, nao wakupe chumba cha kulala. Malipo ni yaleyale 800,000, kodi ileile 240,000, lakini gharama zinashuka kutoka 160,000 hadi 80,000, na saa kutoka 20 hadi 16. Unabaki na 480,000, ambayo ni 30,000 kwa saa, mbele kidogo ya kliniki ya Mtwara. Hapo unaweza hata kugawa: wikiendi moja ya mwezi Lindi, Jumamosi moja hospitalini kwako, ukishapata kibali cha mwajiri kwa maandishi, na nyingine mbili ziwe za watoto na Newala.

Ukipata jibu la Lindi, niandikie tena na slipu mpya yenye daraja, tuone mkopo umebakiza miezi mingapi.